Nani kiongozi wa saiti: msanifu, mhandisi au kamati ya kijiji?

MSIMU wa korosho katika mwambao wa Lindi hufunguka Oktoba, na hauna desturi ya kumsubiri fundi. Chama cha msingi ambacho ghala lake jipya bado liko kwenye lenta wakati huo hulazimika kukodi la wengine, kulipia usafiri mara mbili na kusikiliza manung'uniko ya wanachama mkutano mzima. Ukiuliza sababu ya kuchelewa, majibu hayakosekani. Fundi atasema alikuwa anasubiri saruji. Mwenyekiti atasema alikuwa anamsubiri mhandisi wa halmashauri aje kukagua msingi. Mhandisi atasema mchoro alioukuta saiti si ule uliopitishwa. Aliyechora mchoro yuko Dar es Salaam na hakuna aliyempigia simu.

Swali ambalo kwa kawaida haliulizwi mapema ni hili: kati ya watu wote hao, nani kiongozi?

Zamani jibu lilikuwa jepesi, angalau ndani ya mikataba. Kiongozi wa timu ya ujenzi alikuwa msanifu majengo, ambaye kwa lugha ya kisheria siku hizi anaitwa mbunifu majengo. Yeye ndiye aliyekaa na mwenye mali kwanza na kusikiliza anataka nini. Alichora, akamkabidhi mhandisi kazi ya kukokotoa nondo na zege, akamwita mtu wa umeme na wa maji, akampa mkadiriaji majenzi michoro ili atoe gharama. Mkandarasi alipoingia saiti, maagizo yote yalipitia kwa msanifu. Fedha nazo zilipitia kwake, maana mkandarasi hakulipwa mpaka msanifu asaini hati ya malipo.

Hapo kwenye hati ya malipo ndipo palipokuwa na uzito wa cheo chenyewe. Chukua mfano wa ghala la chama. Mkandarasi anadai shilingi milioni 30 kwa msingi na kuta. Mkadiriaji anapima, anakuta kazi iliyofanyika ni ya milioni 24. Msanifu anasaini milioni 24 na chama kinalipa hiyo hiyo. Mkandarasi akigoma, anayebishana naye ni mtu anayejua kusoma michoro, si mwenyekiti wa chama ambaye ujuzi wake ni korosho na ufuta.

Leo nafasi hiyo imegawanyika. Kuna kazi ambazo kiongozi wake ni mhandisi, kuna ambazo ni mkandarasi mwenyewe, na kuna nyingine ambazo ni kamati ya wanakijiji. Kwa mkulima anayechangia kwa makato ya kilo, au mfanyabiashara anayejenga fremu mbili za duka kando ya barabara pale Nangurukuru, mabadiliko hayo yana maana ya fedha.

Fundi mkuu wa Kilwa

Neno la Kizungu la msanifu lina asili ya Kigiriki, na maana yake halisi ni fundi mkuu. Kilwa ni mahali pazuri pa kuielewa maana hiyo, kwa sababu magofu yake yalijengwa na watu ambao hawakutenganisha kuchora na kujenga.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Jumba lilikuwa makazi na mahali pa biashara kwa wakati mmoja: upande mmoja vyumba vya sultani na birika la pembe nane, upande mwingine uwanja mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo watafiti wanaviona kuwa vya bohari. Vifaa vilikuwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo aliyepanga vyumba alipaswa kujua mikoko inafika urefu gani. Mtu wa namna hiyo hakuweza kukaa mbali na saiti.

Si kwamba walikuwa hawakosei. Wachunguzi wa magofu wanaona kuwa Husuni Kubwa haikuwahi kukamilika. Msikiti Mkuu nao uliongezwa ukawa mkubwa mno kwa zama zake, sehemu yake ikaanguka, na ukajengwa upya katika karne ya 15. Nguzo za mwanzo za jiwe moja la tumbawe zilibadilishwa kwa nguzo za mawe yaliyoungwa kwa chokaa. Jina la sultani limebaki. La fundi mkuu aliyegundua kosa na kulirekebisha halikuandikwa popote, jambo ambalo mafundi wa leo hawatalishangaa.

Utengano wa kalamu na mwiko ulikuja na serikali za kikoloni. Michoro ikawa inatoka ofisini, fundi akawa wa kutekeleza. Baada ya Uhuru utaratibu huo uliendelea, tofauti ikiwa kwamba Waafrika waliingia kwenye kiti cha msanifu. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, ndiye aliyesanifu Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, lenye paa la zege la miamvuli iliyogeuzwa kupokea maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na serikali ikaamua kulikarabati badala ya kulibomoa. Jengo la aina hiyo haliwezekani bila mtu mmoja kushika wazo zima kuanzia meza ya mchuuzi hadi bomba la maji, na zama zile aliyelishika alikuwa msanifu.

Bodi tatu

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu kwa mfululizo: moja ya wahandisi, moja ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, na moja ya makandarasi. Kila kundi likapata bodi yake. Ile ya wasanifu na wakadiriaji ilipata sheria mpya mwaka 2010, na leo inajulikana kama Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Faida ilikuwa kubwa, kwa sababu mwenye mali akawa na mahali pa kuuliza kama mtu anayejiita mtaalamu amesajiliwa kweli. Lakini mamlaka pia yalipata milango mitatu.

Mikataba nayo haikubaliani kuhusu jina la kiongozi. Katika mikataba ya majengo iliyofuata mtindo wa Uingereza, anayetoa maagizo na kusaini malipo ni msanifu. Katika mikataba ya kimataifa inayotumika sana kwenye barabara na bandari, ni mhandisi. Katika nyaraka za zabuni za serikali, cheo kinachotajwa mara nyingi ni meneja wa mradi, na huyo anaweza kuwa msanifu, mhandisi au mkadiriaji, ilimradi ameteuliwa.

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko ni mfano ulio karibu. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Septemba 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, mkandarasi akiwa kampuni ya China Harbour. Gati, kina cha maji, mitambo ya barafu na vyumba vya ubaridi ni mambo ya wahandisi tangu mwanzo hadi mwisho. Msanifu yumo, anachora soko na ofisi, lakini ni mmoja kati ya wengi. Hakuna la kulalamikia hapo. Mvuvi wa Kilwa Masoko hana shida na nani aliyesaini, ilimradi samaki wake wasioze.

Ni tofauti pale mkandarasi anapopewa kusanifu na kujenga kwa pamoja. Utaratibu huu umeenea duniani tangu miaka ya 1980, na wenye fedha wanaupenda kwa sababu wanamdai mtu mmoja. Hakuna tena mkandarasi kusema mchoro ulikuwa mbovu, na msanifu kusema ujenzi ulikuwa mbovu. Kazi huenda haraka. Lakini msanifu hapo ameajiriwa na mkandarasi. Akiona nondo za milimita 12 zimewekwa mahali pa 16, taarifa anampelekea bosi wake, ambaye ndiye aliyeokoa fedha kwa nondo hizo. Chama kinachochagua njia hii bila kuweka mtaalamu wake wa kukagua, hata wa kuja mara nne tu, kinakuwa kimemkabidhi muuzaji mizani yake.

Kamati ya kijiji yashika usukani

Hata hivyo, mabadiliko makubwa zaidi katika Lindi hayakuletwa na bandari. Yaliletwa na madarasa, zahanati na vituo vya afya vinavyojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo halmashauri au shule haitafuti mkandarasi bali inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa eneo hilo ufundi peke yake.

Oktoba 2021 serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja likitengewa shilingi milioni 20, na agizo lilikuwa yakamilike kabla ya wanafunzi kuripoti Januari 2022. Kwa miezi michache wakulima, walimu na wenye maduka walijikuta ndani ya kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi ya vifaa. Wengi wao hawakuwahi kushika mchoro.

Katika utaratibu huu msanifu hakuondolewa, ila alihamishwa mbali. Ramani ni ya mfano, moja kwa nchi nzima, inashuka kutoka ngazi ya wizara. Aliyeichora hajui kama kiwanja ni cha kichanga cha pwani au cha udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kazi ya kulijua hilo inamwangukia mhandisi wa halmashauri, na halmashauri ina mhandisi mmoja au wachache kwa saiti nyingi zilizotawanyika. Kutoka Kilwa Masoko hadi vijiji vya ndani ni safari ya siku nzima wakati wa mvua.

Manufaa yake yanaonekana kwa macho. Fedha ya ufundi inabaki kijijini, muuza duka la vifaa vya ujenzi anapata soko, na kamati inayohesabu mifuko ya saruji kila jioni ni vigumu kuibiwa. Lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kadhaa udhaifu wa utaratibu huu: usimamizi haba wa kitaalamu, kazi kuchelewa, majengo kubaki bila kukamilika. Kamati inaweza kuhesabu mifuko mia moja ya saruji bila kosa. Ni vigumu kwake kujua kama zege limechanganywa kwa uwiano wa 1:2:4 au fundi ameongeza toroli la mchanga ili mifuko ifike mwisho wa wiki.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba kamati ni mwenye mali mzuri kuliko inavyoweza kuwa kiongozi wa ujenzi. Ni kazi mbili tofauti, na kuziunganisha kunawaonea wanakamati wenyewe, maana jengo likipasuka ndio wanaoulizwa.

Mchanga wa pwani na karatasi ya nailoni

Faida ya kuwa na kiongozi anayejua huonekana kwenye mambo madogo. Mwambao wa Lindi una mchanga mwingi wa bure, na mwingi una chumvi. Chumvi hula nondo. Nondo inayoshika kutu hutanuka ndani ya zege, plasta inabanduka, na miaka michache baadaye boriti ya zege ina ufa unaokimbia urefu wote. Msanifu wa Dar es Salaam ataandika kwenye mchoro “mchanga safi” na kuishia hapo. Fundi wa Kivinje anajua ni mto gani una mchanga wa maji baridi, lakini hakuna aliyemuuliza. Kiongozi mzuri wa saiti ni yule anayewakutanisha hao wawili kabla lori halijamwaga mzigo, na kuhakikisha kuwa nondo zimefunikwa na zege la milimita 40 au zaidi.

Kwa ghala la korosho kuna jambo jingine. Sakafu isipowekewa karatasi nzito ya nailoni chini ya zege, unyevu wa ardhi hupanda taratibu hadi kwenye magunia. Korosho zinashuka daraja, na bei mnadani inashuka nazo. Karatasi yenyewe ni gharama ndogo sana katika jengo zima, lakini ikisahaulika siku ya kumwaga zege haiwezi kurudishwa. Fundi anayelipwa kwa kumaliza hana sababu ya kuikumbuka, na mjumbe wa kamati hajui kama inatakiwa.

Barabara nayo imebadilisha mambo. Tangu Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 na lami kukamilika baadaye hadi Lindi, na kiwanda cha saruji cha Dangote kuanza kazi Mtwara mwaka 2015, vifaa na michoro vinaweza kutoka popote. Mjenzi hafungwi tena na urefu wa boriti ya mikoko. Lakini Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, msimamizi aliyekuwa upande wa pili hakuweza kufika saiti kwa vyovyote. Kazi isiyo na naibu mwenye mamlaka ya maandishi ilikuwa na njia mbili tu: kusimama, au kuendelea bila jicho.

Ukarabati wa magofu ya Kilwa unaonyesha njia ya tatu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi iliyofadhiliwa kwa nyakati mbalimbali na Ufaransa, Japani, Marekani na wengineo. Kule saruji haifai, kwa kuwa ni ngumu kuliko tumbawe na hufungia unyevu ukutani. Inatakiwa chokaa, na anayejua chokaa ni fundi wa hapo. Msanifu anabaki kuwa mwenye kuamua ukuta upi uokolewe kwanza na kwa kiasi gani, lakini mchanganyiko anauchukua kwa fundi. Kuna wanaoona kuwa hapo msanifu amepunguziwa heshima. Ukweli ni kwamba amerudi karibu na maana ya jina lake.

Jengo linapoanguka

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua watu 36. Iliripotiwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Waliofikishwa mahakamani walikuwa watu wa fani na nafasi tofauti. Novemba 16, 2024, jengo lingine likaanguka Kariakoo, ambako wafanyabiashara wengi wa mikoani hufuata mizigo yao, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Ilielezwa kuwa kazi ya ujenzi ilikuwa ikiendelea sehemu ya chini huku maduka yakiwa wazi.

Ghala la kijijini halina ghorofa 16. Lakini ukuta mrefu usio na mkanda wa zege juu yake, ukiegemewa na magunia hadi karibu na dari, unaweza kuua vibarua watano kwa mara moja.

Chama au mfanyabiashara asiye na uwezo wa kumweka msanifu muda wote anaweza kupatana naye kwa ziara. Zilizo muhimu ni nne: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya sakafu, wakati wa lenta na mkanda, na baada ya kenchi kabla bati halijapigwa. Katika mkataba iandikwe kwa jina nani anatoa maagizo, nani anakaimu asipokuwepo, na kwamba hakuna malipo bila saini yake. Agizo la mdomo liandikwe kwenye daftari la saiti siku hiyo hiyo. Namba yake ya usajili ihakikiwe kwenye bodi kabla ya kulipwa chochote, na bango la mradi litaje majina yale yale yaliyo kwenye mkataba, maana mara nyingi siyo.

Kisha kuna fedha inayozuiliwa, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya malipo, ambayo hulipwa baada ya muda wa kuangalia kasoro. Muda huo huwa miezi 6 au 12. Kwa Lindi, ambako mvua kubwa hunyesha kati ya Desemba na Aprili, miezi sita inayoanza Juni inaisha kabla paa halijaonja maji ya kutosha. Ghala likabidhiwe Septemba, msimu uanze Oktoba, na fedha ya mwisho ilipwe baada ya Aprili, msanifu akiwa amerudi kutazama ukuta wa upande wa kusi na kusaini.